Vifaranga wa kambare wanakufa: uliza umri kabla ya kuuliza dawa

"Ndugu, mumi wangu wanakufa, niwawekee nini?" Mumi ni kambare, na simu za namna hii huingia kila msimu wa kutotolesha, kuanzia Kibos hadi Busia, magharibi mwa Kenya, na karibu zote huanza na dawa. Swali linalosaidia ni jingine: walianguliwa lini, saa ngapi, na maji yalikuwa na joto kiasi gani? Ukiwa na majibu hayo mawili, nusu ya kazi imekwisha. Usipokuwa nayo, hata ukileta maji kwenye chupa na vifaranga kumi waliokufa, tutabaki kubahatisha.

Umri una uzito huu kwa sababu katika wiki mbili za kwanza kifaranga hubadilisha protini anazozitegemea mara kadhaa. Kwanza anaishi kwa protini aliyowekewa na mama kwenye kiini cha yai. Kiini kikiisha, utumbo lazima utoe vimeng'enya vyake wenyewe, yaani protini za kuvunja chakula. Siku chache baadaye tumbo linaanza kazi na pepsini inatokea, kimeng'enya ambacho hakikuwapo kabisa. Vifo vingi hukusanyika kwenye mapito hayo, si katikati yake. Ndiyo maana mkulima mmoja hupoteza vifaranga siku ya kwanza, jirani yake siku ya tano, na wote wawili huuziwa antibiotiki ileile dukani.

Maelezo haya ni ya kambare wa Afrika, Clarias gariepinus, kwenye maji ya nyuzi 26 hadi 28. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, joto hilo hupatikana bila taabu kubwa. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, na usiku maji ya tangi lisilofunikwa hushuka mpaka kila kimeng'enya kinazubaa. Wa Nakuru wasome siku ninazotaja kama siku za mwanzo kabisa, maana kwao mambo huchelewa.

Mayai yanageuka meupe pepe

Yai zima lina rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, na mwanga wa tochi hupenya. Lililokufa huwa jeupe, halipitishi mwanga, na haichukui muda kabla halijaota ukungu wa nyuzinyuzi. Wengi huona ukungu wakadhani ndio ulioliua yai. Mara nyingi ukungu umekuta maiti. Tena, ile dawa ya kijani ya zamani, malakaiti, isiguse samaki atakayeliwa na mtu. Ondoa mayai meupe kwa mpira mwembamba, ongeza mtiririko wa maji, basi.

Sasa, yalikufa kwa nini? Anza na saa ya kukamua, yaani kumbonyeza jike tumbo ili mayai yatoke. Baada ya kumdunga jike homoni, mayai hukomaa kwa kufuata joto: kwenye nyuzi 20 ni kama saa 21, nyuzi 25 kama saa 11, nyuzi 30 kama saa 7. Ukimdunga jioni maji yakiwa na nyuzi 26, usiku yakashuka hadi 21, halafu ukaamka saa kumi alfajiri kwa hesabu ya nyuzi 26, utamkamua kabla ya wakati. Dalili yake ni kwamba lazima usukume kwa nguvu, na damu inatoka pamoja na mayai. Aliyekomaa ukimgusa tumbo kidogo mayai yanatiririka yenyewe. Kuchelewa nako ni hasara: mayai yakikaa mno ndani ya jike baada ya kukomaa, huharibika.

Kisha angalia maji. Mbegu za dume huamka zikiguswa na maji, na nguvu zake haziishi zaidi ya dakika moja hivi. Beseni likiwa na matone, au mikono ikiwa mibichi, zitaamka na kuchoka kabla hujachanganya. Kausha kila kitu: beseni, taulo, samaki mwenyewe, unyoya wa kukorogea. Changanya vikiwa vikavu, ndipo utie maji safi na kukoroga polepole.

Hayo mawili yakiwa sawa na bado robo tatu ya mayai ni meupe, mgeukie mama. Protini ya kiini haitengenezwi kwenye yai. Hutengenezwa kwenye ini la mama kwa jina la vitelojenini, kwa amri ya homoni ya estrojeni, ikasafirishwa na damu hadi kwenye mayai, na huko ikakatwakatwa na kuwekwa akiba. Jike aliyeshinda miezi akila pumba za mahindi na mabaki ya jikoni hana cha kutengenezea. Tumbo lake linaweza kuvimba vizuri kabisa, ukamsifu, kumbe mayai ni maskini. Hapo hakuna marekebisho ya wiki moja. Mama hulishwa vizuri kwa miezi kabla ya msimu.

Kama hujui umlaumu jike au dume, gawanya mayai ya jike mmoja kwenye mabeseni mawili, kila beseni upe mbegu za dume wake. Moja likifaulu na jingine likifa, tatizo ni dume. Yote mawili yakifa, ni jike au ni mkono wako.

Mayai ya kambare hunata pindi yanapoguswa na maji, na mayai yaliyorundikana hufa katikati kwa kukosa hewa. Yatandaze safu moja tu juu ya chandarua au nyuzi za katani. Ukiona mabonge meupe ndani na mazima pembeni, hukuyatandaza.

Mkia uko nje, kichwa kimekwama ndani ya ganda

Kwenye joto zuri yai huanguliwa ndani ya saa 24 hadi 36. Kifaranga hapasui ganda kwa mabavu peke yake. Tezi zake hutoa kimeng'enya kinachoyeyusha protini ya ganda kutoka ndani, kisha mkia humalizia kazi. Maji yakipoa usiku huohuo wa kuangua, kimeng'enya hufanya kazi kwa uvivu: baadhi wanatoka, baadhi wanakwama, na wengine wanatoka saa nyingi baadaye.

Usiwavue ganda kwa mikono. Rudisha joto taratibu na uhakikishe hewa inatosha. Chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri na kuelea tangini zimeokoa wengi stima ilipopotea, alimradi usimimine maji ya moto moja kwa moja. Waliotoka wakipishana kwa saa nyingi watenge matangi tofauti, kwa sababu tofauti hiyo ndogo itakuja kudai deni lake wiki ya pili.

Siku ya 1 hadi ya 3: wanakufa na kiini bado kimejaa

Kifaranga aliyetoka kuanguliwa hana haja ya chakula chako. Ana kifuko cha kiini tumboni, na kwa siku tatu hivi anavunja protini ile kupata viungo vya kujengea taya, macho, misuli na utumbo. Akifa kiini kikiwa bado kikubwa, njaa haihusiki kabisa. Tafuta kitu kwenye maji.

Mara nyingi utakuta maganda na mayai yaliyooza yamebaki chini. Hiyo ni protini inayooza, na inaoza haraka. Ziba nusu ya tangi kwa gunia au mfuniko. Vifaranga wazima hukimbia mwanga na kujikusanya gizani kwa rundo jeusi linalotetemeka. Baada ya muda, vyote vilivyobaki upande wa mwanga, yaani maganda, mayai mabovu na vilema, vifyonze kwa mpira na kuvimwaga. Ukifanya kazi hii asubuhi moja tu kwa makini, utakuwa umepunguza vifo kuliko kopo lolote la dawa.

Kinachofuata ni klorini. Maji ya mfereji wa mjini yakae kwenye tangi wazi kwa siku nzima yakitiwa hewa kabla hayajafika kwa vifaranga. Ukiona wamekufa wote kwa pamoja, saa chache baada ya kubadilisha maji, usitafute mchawi.

Na hapa wapo wanaowahi kuwalisha eti wapate nguvu. Chakula hakiliwi, kinaoza, wanakufa, mtu anaongeza chakula. Kuishi kwa akiba ni jambo la kawaida kwa viumbe wachanga wa majini. Wale wadogo wenye magamba magumu wanaoganda kwenye nguzo za gati huko Mombasa na kwenye matumbo ya meli hupita hatua sita za utoto wakiogelea, na spishi nyingi hula mwani katika hatua hizo. Kisha hugeuka umbo jingine ambalo halili kabisa. Katika umbo hilo kazi ni moja, kutafuta mahali pa kunata, na matumizi yote hutoka kwenye protini na mafuta yaliyowekwa akiba. Moja ya protini hizo hufanana na ya kiini cha yai. Akichelewa mno kupata mahali, akiba inapungua na uwezo wa kujibadilisha unafifia. Kambare wako naye ana saa yake, tofauti ni kwamba yeye mwishoni anatakiwa kula.

Siku ya 4 hadi ya 8: chakula kimejaa, vifo vimejaa

Hapa ndipo kituo kingi cha kutotoleshea hufia, na ndipo ningependa usome polepole.

Chukua vifaranga watano kwenye bilauri ya kioo, wamulike kwa tochi kutoka nyuma. Tazama tumbo.

Tumbo la rangi ya chungwa, limetuna: wamekula artemia, wale vijidudu hai wa maji ya chumvi wanaototoleshwa kwa ajili ya kulisha vifaranga, na wanaendelea vizuri. Kama hawa nao wanakufa, ruka uende hapo chini kwenye sehemu ya "Wanakufa kwa saa maalum", inayohusu maji.

Tumbo linang'aa, unaona mpaka upande wa pili: hawajala. Ama umechelewa kuwalisha baada ya kiini kuisha, ama chembe za chakula ni kubwa kuliko mdomo, ama unalisha mara mbili kwa siku kana kwamba ni kuku. Wa umri huu hulishwa kila baada ya saa mbili hadi nne, usiku nao wakipewa chao, maana kambare ni mlaji wa giza.

Tumbo la kahawia, limejaa kabisa, na bado mwili umekonda na kichwa kinaonekana kikubwa: hili ndilo linalowachanganya watu. Wamekula, wameshiba, na wanakufa njaa.

Mkulima mmoja wa upande wa Siaya aliwahi kunibishia: "Lakini mwalimu, unga wangu una protini asilimia 55, gunia limeandikwa!" Gunia lilikuwa halisemi uongo. Tatizo ni kwamba kifaranga wa siku ya 4 hana tumbo linalofanya kazi. Anacho kimeng'enya cha tripsini kutoka kongosho, na chembe za ukuta wa utumbo wake zinaweza kufyonza vipande vya protini iliyolainika, lakini asidi na pepsini ya kuvunja protini ngumu bado. Unga mkavu uliopikwa kiwandani unampitia tu. Ni kama kuinjika maharagwe kwenye jiko lisilo na makaa. Chakula hai, chenye protini laini inayoyeyuka, anakimudu. Tumbo huanza kazi siku ya nne au ya tano tangu aanze kula, akiwa na urefu wa milimita 11 hivi. Kuanzia hapo unga mkavu unaingia. Kabla ya hapo asilimia iliyoandikwa kwenye gunia ni mapambo.

Kwa hiyo siku hizo za mwanzo ni za chakula hai. Artemia ndiyo rahisi kupangia: maji yenye chumvi gramu 25 hadi 30 kwa lita, nyuzi 28, hewa ya nguvu, taa, na baada ya saa 24 wameanguliwa. Wachuje, wasuuze chumvi, wape mara moja. Kwenye maji ya vifaranga yasiyo na chumvi huishi saa chache tu, kisha hushuka chini na kuoza, kwa hiyo kidogo kidogo na mara kwa mara. Bei ya kopo moja humtoa mtu jasho, hilo nalijua, lakini linganisha na thamani ya tangi zima lililokufa.

Asiyeweza afuge moina, viroboto wadogo wa maji, kwenye tangi lililorutubishwa kwa samadi, aanze wiki moja kabla ya kumdunga jike. Wapitishe kwenye chujio kwanza. Maji ya bwawa huja na wageni, na mabuu wa kereng'ende hula vifaranga wako mmoja baada ya mwingine bila haraka. Kuhusu kiini cha yai la kuku kilichochemshwa, ambacho kila mtu anakipendekeza: kina mafuta mengi, kinatawanyika, na kinachafua maji kabla ya nusu yake kuliwa. Mimi sikitumii ila kukiwa hakuna kingine, na hapo ni kiasi cha kupaka ncha ya kidole.

Kuhamia unga kufanyike kwa kuchanganya. Kuanzia siku ya tano ya kula, anza na unga kidogo kabla ya artemia wakiwa na njaa, ongeza kila siku, punguza artemia. Wanaokata ghafla hurudi kwenye tumbo la kahawia.

Na ukijisagia chakula mwenyewe, chunguza soya. Soya mbichi ina protini zinazoshika tripsini na kuizuia kufanya kazi, na tripsini ndiyo karibu silaha pekee aliyonayo kifaranga. Soya ikaangwe au kuchemshwa vizuri. Isiungue pia: ikiwa nyeusi, sehemu ya lisini yake, kiungo muhimu cha kujengea protini, imeharibika. Omena nayo iliyoanikwa mchangani huja na mchanga, unalipia kilo za ufuo. Nunua iliyoanikwa juu ya nyavu, inuse, ivunje. Ikiwa laini na inanuka vibaya, iache kwa mwenye duka.

Wanakufa kwa saa maalum

Vifo vya alfajiri ni hewa. Watu huamini kambare hasumbuliwi na kukosa oksijeni kwa sababu mkubwa huvuta hewa ya juu. Kiungo hicho cha kuvutia hewa huanza kumsaidia baada ya wiki mbili tatu hivi. Kabla ya hapo kifaranga anategemea oksijeni ya majini kama ngege yeyote. Stima ikipotea usiku na pampu ya hewa isiwe na betri, asubuhi utakuta wako juu wanahema au wako chini wamekwisha. Wanaovuta maji ya Ghuba ya Winam, kwenye Ziwa Victoria, wawe waangalifu pia baada ya dhoruba, maana maji ya chini yasiyo na oksijeni hupanda juu, na wenye vizimba wanayajua madhara yake.

Vifo vya mchana, hasa alasiri, vinanuka amonia. Kila gramu ya protini inayoliwa au kuoza huishia kutoa amonia. Sehemu yake yenye sumu hutegemea pH, yaani kipimo cha asidi au alkali ya maji: kwenye nyuzi 25, pH 7 hufanya iwe chini ya asilimia 1 ya amonia yote, pH 8 iwe kama asilimia 5, pH 9 iwe zaidi ya theluthi. Tangi la kijani lililopigwa na jua hupandisha pH alasiri, na kipimo kilekile cha amonia kilichokuwa salama saa tatu asubuhi kinakuwa sumu saa tisa. Visima vingi vya Nakuru na Bonde la Ufa vina maji ya alkali, kwa hiyo huko unaanzia juu. Punguza chakula siku hiyo, fyonza uchafu wa chini, badilisha theluthi ya maji, weka kivuli. Pima pH alasiri, si asubuhi peke yake.

Idadi inapungua na maiti hazionekani

Wanalana. Mwanzoni anayemzidi mwenzake hummeza kuanzia mkiani na kukiacha kichwa, hivyo vichwa vinavyoelea ni ushahidi. Baadaye, tofauti ikiwa kubwa, humeza mzima mzima na hakuna kinachobaki. Chanzo huwa ile tofauti ya saa za kuanguliwa pamoja na njaa na msongamano. Chambua kwa ukubwa kila wiki kwa ndoo zenye matundu. Kwanza hakikisha lakini si vyura na mdiria wanaokula. Tangi lisilo na chandarua juu haliwezi kulaumu kambare peke yake.

Vichwa vyenye ufa, migongo iliyopinda

Hii huja wiki za baadaye, wakiwa wameshakuwa na sura ya samaki. Fuvu linakuwa laini, linapasuka pembeni, mgongo unapinda. Protini inayohusika ni kolajeni, ambayo haiwezi kukazwa bila vitamini C, na kambare haitengenezi mwenyewe. Uliza chakula kimekaa muda gani kwenye stoo ya mabati. Vitamini C huharibika kwa joto na unyevu, na gunia la mwaka jana lina protini yake karibu yote lakini vitamini haipo. Nunua kiasi kitakachoisha mapema, kihifadhi mahali pa baridi juu ya mbao.

Chakula kipya kitawasaidia wanaofuata. Waliokwisha kupinda hawanyooki, na usiwaweke kuwa wazazi. Watenge mapema uwauzie wavuvi wa mbuta kama chambo. Wao huangalia kama samaki anachezacheza kwenye ndoana, mgongo wake hawauulizi.